Walitaja Kejeli, Kisha Wakampongeza Diwani: Kisa cha Darasa Moja la Fasihi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika darasa la Kidato cha Tatu, shule ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania. Jina la shule, mkoa na mwaka vimeachwa. Majibu ya wanafunzi yameandikwa kwa maana yake, na mengine yameunganishwa ili aliyeandika asitambulike. Mwalimu wa somo, nitakayemwita Mwalimu M., ameusoma uchambuzi wote na kukubali utumike kufundishia wengine. Mimi nilikuwa naye idara moja. Nilikaa nyuma ya darasa lake katika baadhi ya vipindi, na nilikuwapo kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni ambako jambo hili lilijadiliwa.

Usuli

Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60. Wazazi wao wengi ni wakulima, wachuuzi na waendesha bodaboda. Vitabu teule havikutosha. Wanafunzi wanne au watano walisoma kitabu kimoja, na mara nyingi mwalimu aliandika dondoo ubaoni wao wakanakili.

Mwalimu M. alifundisha matumizi ya lugha kama sisi wengi tulivyofundishwa: jedwali la safu tatu, yaani jina, maana na mfano. Kwanza tamathali za semi: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida, kejeli (kusema kinyume cha unachokusudia). Chini yake mbinu nyingine za kisanaa: takriri (kurudiarudia neno), tashtiti (swali lisilohitaji jibu), nidaa, mdokezo, tanakali sauti, mjalizo. Wanafunzi waliyakariri majina hayo hadi wakaweza kuyataja yote kwa pumzi moja, na mkaguzi yeyote angetoka darasani humo ameridhika.

Majibu yao ya mtihani yalifanana: "Mwandishi ametumia tashibiha, mfano katika ubeti wa 2. Tamathali hii imetumika ili kuipamba kazi na kumvutia msomaji." Ondoa tashibiha, weka takriri au tashihisi, sentensi inabaki ileile. Wakiulizwa lengo la mwandishi walijibu kwamba ni kuelimisha, kuburudisha na kuionya jamii. Sentensi hizi zinaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaifungua kazi yenyewe, na nadhani ndiyo sababu zinapendwa. Wala hazikuwahi kuadhibiwa. Mwongozo wa kusahihisha wa idara yetu ulitoa alama kwa jina na alama kwa mfano, na hapo mtahini alikuwa amemaliza kazi yake.

Swali la diwani

Katika jaribio la katikati ya muhula, Mwalimu M. alitunga kifungu kifupi akakiweka mwishoni mwa karatasi:

*"Wananchi wa kata hii hatuna budi kumshukuru diwani wetu. Tangu alipotuahidi barabara ya lami, mashimo yamekua yakawa mabwawa, na watoto wetu sasa wanajifunza kuogelea bila kulipa ada. Bata wameongezeka. Wajawazito nao hawapati tena shida ya kupanga foleni zahanati, kwani wengine hujifungulia njiani. Kiongozi kama huyu tukimpoteza, tutampata wapi mwingine?"*

Maswali yalikuwa mawili: taja mbinu mbili za kisanaa zilizotumika, eleza lengo la mwandishi.

Swali la kwanza walilifanya vizuri. Wengi walitaja tashtiti wakanukuu sentensi ya mwisho, na idadi nzuri walitaja kejeli. Katika swali la pili, karibu darasa zima liliandika kwamba mwandishi anampongeza diwani. Jibu moja lilisema mwandishi amelenga kumpongeza diwani "kwa kuleta maendeleo kama vile mabwawa ya kuogelea na ufugaji wa bata". Mwingine aliongeza kwamba jamii inaonywa isimpoteze kiongozi bora.

Waliokosa jina la kejeli na wakakosa lengo hawakumshangaza Mwalimu M. Waliomsumbua ni wale walioandika "kejeli" kwenye swali la kwanza, wakageuza ukurasa, kisha wakampongeza diwani kwenye swali la pili. Mwanafunzi ameipa mbinu jina lake sahihi, ameinukuu sentensi sahihi, na bado mbinu yenyewe imempitia kichwani bila kugusa chochote.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini haukufaa

Mwalimu M. aliona mifano ya kejeli haikutosha. Alirudia mada kwa kipindi kizima, akatoa mifano mipya, akasisitiza kwamba kejeli ni kusema kinyume cha kile unachokusudia. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: mwanafunzi akikosea hesabu za kugawanya, anaongezewa hesabu za kugawanya.

Wiki iliyofuata alitoa kifungu kingine, safari hii cha mpangaji anayemsifu mwenye nyumba kwa paa linalovuja, eti limempunguzia safari za kwenda bombani. Majina ya mbinu yalipatikana kwa wingi zaidi kuliko mara ya kwanza. Lengo la mwandishi, kwa walio wengi, likawa kumshukuru mwenye nyumba.

Jambo lililobadilisha mwelekeo lilitokea wakati wa kusahihisha kwa pamoja. Mwalimu M. alikisoma kifungu cha diwani kwa sauti, taratibu, kama mzee anayezungumza barazani. Alipofika kwenye bata, darasa lilicheka. Binti mmoja wa nyuma, ambaye karatasi yake ilikuwa miongoni mwa zilizompongeza diwani, akasema bila kunyoosha mkono: "Mwalimu, kwani huyu anamsifu? Huyu anamsanifu!" Mwingine akadakia kwamba hicho ni kijembe kabisa. Kwa dakika chache wakaanza kueleza wenyewe, bila jedwali, kwa nini bata ndio wanaouma kuliko yote: kwa sababu mwandishi hakuwaeleza, amewataja tu akapita.

Kumbe walikuwa wanajua. Hawa ni watoto waliokulia kwenye vijembe vya bombani, mipasho ya taarabu na maandishi ya kanga. Wanajua jirani akikuambia "hongera, umependeza leo" neno gani lina uzito, na kwamba "leo" hiyo imetupwa makusudi. Ujuzi huo waliuacha mlangoni walipoingia darasani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba unatakiwa humu.

Kikao cha idara

Mwalimu M. alilileta suala hili kwenye kikao chetu cha MEWAKA pamoja na fungu la karatasi. Hoja zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuongeza mazoezi. Haikudumu, kwa sababu ushahidi wa kwamba imejaribiwa ulikuwa mezani.

Ya pili ilitoka kwa mwalimu kijana: tuyaache majina kabisa kwa muhula mmoja, wanafunzi wajadili lugha kwa maneno yao. Mkuu wa idara aliipinga. Mtihani wa Taifa unamtaka mwanafunzi ajue istilahi, alisema, na mzazi aliyelipa nauli ya mwanawe mwaka mzima hatakubali kuambiwa mtoto anaelewa kejeli ila jina hana. Kijana akajibu kwamba majina yenyewe hayajatulia: swali lisilohitaji jibu tunaloliita tashtiti, mwalimu wa Kenya hulifundisha kama swali la balagha, na mwanafunzi wa kule haumii chochote. Ilikuwa hoja nzuri, ingawa haikujibu hofu ya mkuu wa idara.

Ya tatu ndiyo iliyopita: majina yabaki, ila yaje mwisho. Mwanafunzi aanze na maswali haya, kwa mpangilio huu: Nani anamwambia nani? Anataka asikilizaye afanye nini, au ahisi nini? Neno gani au mpangilio gani ukiuondoa, jambo hilo linaharibika? Baada ya hapo ndipo atafute jina, na kama jina halipo aendelee bila jina.

Pamoja na hilo, Mwalimu M. aliomba kibali cha kulifungia neno "kupamba" hadi mwisho wa muhula. Mkuu wa idara alisita, na kwa haki. Alisema shairi lenye vina linapambwa kweli, na urembo wa sauti si dhambi. Tukakubaliana kwamba mwanafunzi aweza kuandika "kupamba" iwapo ataeleza pambo hilo linamfanyia nini msikilizaji mahali pale. Kwa vitendo hakuna aliyejaribu, kwa hiyo neno lilifungiwa.

Kazi kabla ya jina

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kanga. Mwalimu M. aliandika ubaoni jina la kanga ambalo wote walilijua: *Mtasema mchana, usiku mtalala.* Akauliza nani anamwambia nani. Jibu likawa: inategemea. Mwanamke anayeivaa na kupita mbele ya majirani waliokaa barazani anawajibu. Mama anayempa binti yake anayesengenywa anamfariji. Duka lililoitundika dirishani linauza nguo. Maneno ni yaleyale, lengo linahama pamoja na mtu.

Hapo kijana mmoja akauliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia: basi mwandishi ni nani, aliyeyatunga maneno kiwandani au aliyeivaa kanga? Mjadala ulikula sehemu kubwa ya kipindi. Mwalimu M. aliukata kabla haujafika mwisho kwa sababu ya muda; mimi ningeuacha uendelee, kwa kuwa swali hilo ndilo linalotofautisha kusudi la mtunzi na kazi ambayo maandishi hufanya yakishatoka mikononi mwake. Lakini kengele haimsikilizi mtu.

Kipindi cha pili na cha tatu vilitumia hotuba. Mwalimu M. alichagua maneno ya Mwalimu Julius Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera na Amin kutangaza kwamba eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Sababu za kuyachagua zilikuwa mbili: wanafunzi wanayajua kwa moyo kutokana na redio, na ni mafupi kiasi cha kuenea ubaoni:

*"Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo."*

Zamani darasa lingeandika: takriri, imepamba hotuba. Safari hii mwalimu aliandika chini yake sentensi nyingine: *Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga.* Akauliza kilichopotea. Habari imebaki yote, hakuna kilichopungua. Wanafunzi walisema kwanza kwamba sentensi ya pili "haipigi". Akawabana waeleze. Wakaona kwamba katika ile ya kwanza kila jambo limepewa sentensi yake, na msikilizaji analazimika kulikubali moja kabla ya kuletewa jingine. Wakaona kwamba "kumpiga" linarudi mara tatu, kwa hiyo hata aliyesikia nusu ya hotuba kwenye redio yenye mikwaruzo angeondoka na neno hilo. Mmoja akasikia jambo ambalo mimi sikuwa nimelisikia: kila sentensi inafungwa na kitu kilichopo mkononi, tunao, tunayo, tunayo. Nyerere angeweza kusema tutapata au tutatafuta.

Kisha wakabadilisha mpangilio. Je, nia ingetangulia? Kundi moja lilisema mtu anayeanza na nia anaonekana mwenye hasira. Aliyevamiwa anajiuliza kwanza kama anaweza, halafu kama ana haki, na akishatulia kwa yote mawili ndipo anaulizwa kama yuko tayari. Kundi jingine lilitaka sababu itangulie, kwa kuwa dunia ilikuwa inasikiliza. Hawakukubaliana, na mwalimu hakuwaamulia.

Swali lililonikaa zaidi lilitoka kwa mwanafunzi mkimya: "Kama uwezo ulikuwapo, kwa nini aseme?" Mwalimu M. alieleza kwamba mwanzoni mwa Novemba jeshi kubwa halikuwa mpakani, kwamba daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera lilivunjwa, na kwamba mgambo waliitwa kutoka pande zote za nchi. Sehemu ya uwezo huo ilikuwa bado kuitwa, na hotuba yenyewe ilikuwa mwito. Sentensi ya kwanza inatamkwa kama taarifa huku ikifanya kazi ya kukusanya watu. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, sentensi hiyo ilikuwa imeshakuwa kweli. Darasa likatulia kidogo, na nadhani hapo ndipo neno "lengo" liliacha kuwa kichwa cha habari cha kujazia kuelimisha na kuburudisha.

Jina "takriri" liliandikwa ubaoni dakika tano kabla ya kengele. Hakuna aliyelisahau.

Ujumbe usio na tamathali

Mwalimu M. alitaka wanafunzi walete maandishi kutoka nyumbani. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo aliwaagiza wanakili kwa mkono ujumbe au tangazo lolote linalomtaka mtu afanye jambo. Yalikuja matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, vipeperushi vya dawa za asili, ujumbe wa mikopo ya simu, na, kwenye madaftari mengi, ule ujumbe wa matapeli ambao kila mwenye simu Tanzania ameshaupata: ile hela itume kwenye namba hii.

Walianza kuutafutia tamathali. Hakuna tashibiha wala sitiari. Mwanafunzi mmoja, kwa kutotaka kurudi mikono mitupu, alidai kuna takriri kwa kuwa herufi "e" inajirudia. Darasa likazomea.

Mwalimu M. akawarudisha kwenye swali la kwanza: nani anamwambia nani? Tapeli hamjui anayemwandikia. Ndiyo maana ujumbe hauna jina, hauna salamu, hauna kiasi. Anataka afanye nini? Atume. Neno gani ukilitoa linaharibika? Wakafuta "ile". *Hela itume kwenye namba hii* inamfanya msomaji aulize: hela gani? "Ile" inazuia swali hilo, kwa sababu inadai kwamba tulishazungumza, na mtu mwenye deni, mwenye karo ya mtoto au mwenye mgonjwa, anayesubiri kutuma fedha siku hiyohiyo, anaijaza mwenyewe. Ujumbe haukumdanganya kwa kusema uongo mwingi. Umemwachia nafasi ajidanganye.

Kwenye matangazo ya waganga walipata mengine. Ushuhuda usio na mwenyewe. Hofu inayotajwa kwanza ili dawa itajwe baadaye. Cheo: "daktari", "profesa", "bingwa kutoka mbali", na wakagundua kwamba bingwa hatoki kamwe mtaa wa jirani, kwa kuwa wa jirani anajulikana. Haraka: mwisho leo, nafasi chache. Wingi: wengi wamepona, wewe unasubiri nini?

Mwalimu M. aliyapanga haya katika mafungu matatu ya kale ya Aristotle: yanayosimama juu ya hadhi ya msemaji, yanayosimama juu ya hisia za msikilizaji, na yanayosimama juu ya hoja yenyewe. Fungu la tatu lilibaki karibu tupu. Kipindi hiki ndicho kilichowaonyesha kwamba mbinu za ushawishi na tamathali za semi ni vitu viwili vinavyokutana mara kwa mara bila kuwa kitu kimoja. Kuna maandishi yaliyojaa sitiari yasiyomshawishi mtu, na kuna mstari mkavu uliowatoa watu fedha mfukoni.

Hotuba ya paredi

Baada ya hapo kukatokea jambo ambalo halikuwa kwenye andalio la somo. Mkuu wa shule alizungumza mstarini kuhusu michango ya chakula cha mchana. Siku iliyofuata mwanafunzi mmoja alikabidhi, kwa hiari yake, ukurasa mzima wa uchambuzi wa hotuba hiyo. Alionyesha kwamba mkuu alisema "sisi" kila alipozungumza juu ya uamuzi na "ninyi" kila alipozungumza juu ya malipo, kwamba alitaja shule nyingine zinazofanya vizuri bila kusema kama huko wazazi huchangia, na kwamba swali "mnataka kufaulu au hamtaki?" lilikuwa tashtiti isiyomwachia mtu jibu la pili. Ilikuwa kazi bora kuliko zote zilizoandikwa muhula huo.

Daftari likapita mikono kadhaa kabla halijamfikia mkuu wa shule. Hakufurahi. Alimwita Mwalimu M. na kuuliza kama siku hizi somo la Kiswahili linafundisha watoto kuwapinga wakubwa.

Mwalimu M. alikuwa na njia mbili. Angeweza kuomba radhi na kumkemea mwanafunzi. Alichofanya ni kwenda na daftari zima, pamoja na karatasi ya zamani ya mwanafunzi huyohuyo aliyempongeza diwani kwa bata, akaomba zisomwe kwa kufuatana. Alieleza kwamba mtoto hakupinga mchango. Alieleza namna hotuba ilivyojengwa. Mkuu wa shule alisoma. Mwanafunzi hakuadhibiwa, lakini agizo lilitoka kwamba maandishi na hotuba za shule zisitumike tena kama mifano darasani. Mwalimu M. alikubali, na alinieleza sababu bila kuficha: alihitaji kipindi cha wiki ijayo kuliko ushindi wa siku hiyo.

Wenzangu kadhaa wamelaumu kukubali huko. Mimi naona alichagua vema, ila bei ilikuwapo. Wanafunzi waliliona agizo, na baadhi wakajifunza kwamba unaruhusiwa kuchambua ushawishi wa yeyote isipokuwa aliye karibu nawe.

Matokeo

Mwisho wa muhula kifungu cha kejeli kilirudi kwa sura mpya: barua ya abiria anayeisifu daladala. Safari hii waliompongeza mwenye daladala walikuwa wachache, na majibu mengi yalitaja neno au sentensi iliyowafungulia macho. Majina ya tamathali hayakupungua, ambalo ndilo lililomtuliza mkuu wa idara.

Mabaya nayo yalikuwapo.

Neno "kupamba" lilipofungiwa, nafasi yake ilichukuliwa na "kusisitiza". Takriri inasisitiza, tashtiti inasisitiza, nidaa inasisitiza. Ilichukua muda kuligundua hili kwa sababu "kusisitiza" linasikika kama jibu la mtu aliyefikiri. Mwalimu M. akaanza kuandika pembeni mwa kila jibu la namna hiyo: *inasisitiza nini, na kwa nini hapo?*

Pia darasa liliingiwa na shaka kupita kiasi. Walipopewa shairi la maombolezo, ambamo mtu anamlilia mama yake, baadhi waliandika kwamba mshairi "anatumia hofu na huzuni ili kumteka msomaji". Wiki za matapeli na waganga ziliwafanya waone kila anayegusa hisia kuwa mwizi.

Kwenye tamthiliya na riwaya maendeleo yalikuwa madogo. Mwanafunzi aliyeweza kuuona ujanja wa mistari mitano alipotea kwenye kurasa 100, hasa pale maneno ya mhusika mwovu yalipohesabiwa kuwa msimamo wa mwandishi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kufuta na kusoma tena. Ni zoezi lisilohitaji kitabu wala umeme. Unaandika sentensi ya mwandishi, unaandika chini yake sentensi bapa yenye habari ileile, unauliza kilichopotea. Mwanafunzi hawezi kujibu "pambo" kwa sababu anaona tofauti kwa macho yake. Lina kikomo, hata hivyo: linafaa mahali ambapo kitu kimewekwa, na linasaidia kidogo mahali ambapo kitu kimeachwa. Ujumbe wa tapeli una nguvu kwa yale usiyoyasema pia, na hapo swali la "nani anamwambia nani" ndilo lililobeba kazi.

Kusoma kwa sauti kulistahili uzito zaidi ya tuliokupa. Kejeli ya diwani ilieleweka siku ilipotamkwa, baada ya kejeli kufeli mara mbili kwenye karatasi. Hata hivyo mtihani hufanywa kimya, na Mwalimu M. hakuwahi kujenga daraja kati ya hayo mawili, kwa mfano kumfundisha mwanafunzi aisome sentensi kichwani kwa sauti mbili, moja ya kusifu na moja ya kusanifu, kisha achague inayokubaliana na bata.

Kosa la mpangilio lilikuwa kuweka hotuba, matangazo na utapeli mfululizo bila maandishi yasiyomtaka msomaji kitu. Shairi la maombolezo lilikuja wakati darasa limeshakaa mkao wa polisi. Kama lingekuja kati ya kanga na hotuba, wangeona mapema kwamba mtu hupanga maneno pia ili abebe kilio chake mwenyewe, na kwamba si lazima lengo liwe na mnunuzi.

Kuhusu lengo la mwandishi kwenye kazi ndefu, nadhani tulikosea kudhani kwamba ujuzi wa mistari mitano utajikuza wenyewe. Kwenye kifungu cha diwani sauti ni moja. Kwenye tamthiliya sauti ni nyingi, na msimamo wa mwandishi umo katika mambo kama nani anapewa neno la mwisho, nani anaadhibiwa, na nani anachekwa na hadhira. Hayo yanahitaji maswali yake yenyewe, na maswali matatu ya idara yetu hayayafikii.

Mwongozo wa kusahihisha umebadilishwa. Katika swali la alama 2, jina la mbinu sasa lina nusu alama, mfano nusu, na maelezo ya kazi yake alama nzima. Mwalimu wa Kidato cha Nne amelalamika kwamba karatasi za zaidi ya wanafunzi 60 zenye maelezo haziwezi kusahihishwa kwa muda uleule wa karatasi za majina, na lalamiko lake ni la haki. Kwa sasa wanafunzi wanajibu wawiliwawili katika majaribio ya kawaida, na karatasi ya mtu mmojammoja inasahihishwa kwa ukamilifu mara moja kwa mwezi. Bado hatujaona kama hilo litawafaa wanaokaa jozi na mtu anayependa kuandika peke yake.